Kupanga nyumba Uingereza bila fedha ya amana: Njia zilizo wazi kwa wanaoishi kwa mafao ya serikali

MKONO mtupu haulambwi, walinena wahenga. Ukweli wa maneno hayo anaufahamu kila aliyewahi kusimama mbele ya mwenye nyumba akiwa na shida ya makazi lakini hana cha kutanguliza.

Dar es Salaam, shida hiyo huja kwa sura ya kodi ya miezi sita au mwaka mzima inayodaiwa kabla ya ufunguo kutolewa, achilia mbali ujira wa dalali. Nairobi na Mombasa, huja kwa sura ya amana inayolipwa pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Nchini Uingereza, ambako Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wengi wamefanya makazi, shida hiyo ina sura yake ya pekee: mtu asiye na kazi, mgonjwa, au mwenye kazi ya mshahara mdogo anaweza kusaidiwa na serikali kulipa kodi ya kila mwezi, lakini msaada huo wa kawaida haumlipii amana ya kuingilia.

Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye haki ya kulipiwa kodi anaweza kubaki nje ya mlango kwa kukosa fedha ya siku ya kwanza. Wako wanaolala sebuleni kwa ndugu kwa miezi mingi, na wako wanaokopa kwa riba kali, ilhali njia nyingine zipo na hazijulikani kwao.

Jambo kubwa la kufahamu tangu mwanzo ni hili: amana si lazima iwe fedha taslimu. Anachotaka mwenye nyumba ni uhakika kwamba nyumba ikiharibiwa au kodi isipolipwa hatapata hasara. Uhakika huo unaweza kutolewa kwa maandishi na halmashauri ya mji au taasisi ya hisani, na hapo amana hugeuka kuwa dhamana. Lakini dhamana hiyo huombwa mapema, wakati mtu angali na paa juu ya kichwa chake. Anayesubiri hadi atolewe nje hujikuta amebakiwa na njia chache.

KIASI KINACHOHITAJIKA

Huko England, Sheria ya Ada za Wapangaji ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Juni 1 mwaka huo, iliweka kikomo cha amana. Kwa nyumba ambayo kodi yake kwa mwaka haifiki pauni 50,000, amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano. Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku ada nyingi ambazo mawakala walikuwa wakiwatoza wapangaji, kama vile ada ya kuandika mkataba na ada ya kuchunguza historia ya mwombaji. Kilichobaki ni fedha ya kushikilia nyumba, ambayo nayo haiwezi kuzidi kodi ya wiki moja.

Chukua mfano wa nyumba ya kodi ya pauni 900 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pauni 10,800, na kwa wiki ni takriban pauni 208. Amana ya wiki tano ni pauni 1,038. Ukijumlisha kodi ya mwezi wa kwanza, ambayo nayo hulipwa kabla ya kuingia, mpangaji anatakiwa awe na pauni 1,938 mkononi.

Sasa linganisha na kipato. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, fungu la msingi la Universal Credit kwa mtu mmoja mwenye umri wa miaka 25 na kuendelea lilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi. Fedha hiyo ni ya chakula, umeme, gesi, nauli, mavazi na simu. Hata kama mtu huyo angefunga mwaka mzima asinunue hata mkate, ingemchukua zaidi ya miezi miwili na nusu kukusanya amana hiyo peke yake.

MAFAO YANALIPA NINI

Universal Credit ilianza kutolewa mwaka 2013 na kuunganisha mafao sita yaliyokuwa yakilipwa mbalimbali, mojawapo likiwa lile la nyumba. Waliofikia umri wa pensheni, pamoja na baadhi ya wanaoishi katika makazi ya muda, waliendelea na fao la zamani la Housing Benefit.

Kwa anayepanga kwa mtu binafsi, kiasi cha kodi kinacholipwa hakitegemei kodi yenyewe tu. Kipo kikomo kinachoitwa Local Housing Allowance, kilichoenea nchini Aprili 2008. Kikomo hicho hupangwa kwa eneo na kwa idadi ya vyumba ambavyo familia inastahili, visivyozidi vinne. Hapo mwanzo kilifuata kodi ya katikati ya soko, yaani nusu ya nyumba zilikuwa ndani ya kikomo. Mwaka 2011 kikashushwa hadi kwenye theluthi ya chini, au kwa hesabu kamili, nyumba 30 za bei ya chini katika kila 100. Baada ya hapo kiliachwa bila kupandishwa kwa vipindi kadhaa wakati kodi za soko zikipanda. Kilipandishwa Aprili 2020, kikasimama, kikapandishwa tena Aprili 2024, na Aprili 2025 hakikuguswa.

Maana yake kwa mpangaji ni nyepesi. Kama kikomo cha eneo lake ni pauni 800 na nyumba ni ya pauni 900, pauni 100 zitatoka katika fedha ya chakula kila mwezi. Hivyo hatua ya kwanza, kabla ya kutazama tangazo lolote, ni kuulizia kikomo cha eneo husika. Viwango hivyo huchapishwa na serikali na hutafutwa kwa kutumia namba ya posta ya mtaa.

Mtu mmoja asiye na watoto na ambaye hajafikisha miaka 35 hulipiwa kwa kiwango cha chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana jiko na bafu. Umri huo ulikuwa miaka 25 hadi Januari 2012 ulipopandishwa. Wapo wanaosamehewa kanuni hiyo, wakiwamo baadhi ya walemavu, vijana waliolelewa na serikali hadi wanapotimiza miaka 25, na baadhi ya waliokimbia ukatili wa nyumbani.

Aidha, mwombaji mpya wa Universal Credit husubiri takriban wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Anaweza kuomba atangulizwe sehemu au yote, bila riba, lakini kiasi hicho hukatwa katika malipo ya miezi inayofuata. Wengi waliotumia tanguliza hiyo kulipia nyumba wamejikuta wana paa lakini hawana chakula.

DHAMANA BADALA YA FEDHA

Halmashauri nyingi za Uingereza, pamoja na taasisi za hisani na baadhi ya makanisa, huendesha mipango ya kuwasaidia wasio na amana. Mipango hiyo ni ya aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni ile ya fedha. Halmashauri humlipa mwenye nyumba amana, na pengine kodi ya mwezi wa kwanza, ama kama msaada ama kama mkopo usio na riba ambao mpangaji huurejesha kidogo kidogo.

Aina ya pili ni dhamana ya maandishi. Hakuna fedha inayotoka siku hiyo. Halmashauri humwandikia mwenye nyumba hati ya kuahidi kwamba, katika muda uliowekwa, aghalabu miezi sita au kumi na miwili, itamlipa hasara itakayothibitishwa hadi kufikia kiasi fulani. Baadhi ya hati hufidia uharibifu tu; nyingine hufidia pia kodi iliyolimbikizwa. Mpangaji kwa upande wake huweza kutakiwa kuweka akiba kila mwezi ili muda wa dhamana ukiisha awe na amana yake mwenyewe.

Ni muhimu mpangaji aelewe kwamba dhamana si zawadi. Akiharibu mlango na halmashauri ikalipa, halmashauri ina haki ya kumdai. Kwa hiyo siku ya kuingia ni lazima iandikwe orodha ya vitu vyote vilivyomo na hali yake, na zipigwe picha za kuta, mazulia, jiko na madirisha, ili asije akalipishwa doa alilolikuta.

Masharti hutofautiana toka mji hadi mji, lakini matatu hujitokeza mara kwa mara. Kwanza, kodi isizidi sana kikomo cha mafao. Pili, nyumba ikaguliwe na ionekane salama. Tatu, mwombaji awe na uhusiano na eneo hilo: ameishi hapo miezi sita katika mwaka uliopita au miaka mitatu katika mitano iliyopita, anafanya kazi hapo, au ana ndugu wa karibu wanaoishi hapo kwa muda mrefu.

Wenye nyumba wengi hawaijui mipango hii au wanaihofia. Inafaa mwombaji apate kwanza barua ya halmashauri inayosema kuwa amekubaliwa kudhaminiwa, ndipo aanze kutafuta nyumba akiwa na barua hiyo mkononi. Ikiwezekana, aongeze barua ya mwenye nyumba wake wa zamani na hesabu ya mafao inayoonyesha jinsi kodi itakavyolipwa. Mmiliki wa nyumba moja au mbili mara nyingi husikiliza kuliko wakala mwenye fomu na masharti ya jumla.

SIKU 56 ZA KUZUIA SHARI

Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika England Aprili 2018, ilibadili wajibu wa halmashauri. Kabla ya hapo, mtu mzima mwenye afya na asiye na watoto aliweza kuambiwa hana sifa na kurudishwa mlangoni. Sheria hiyo ilizitaka halmashauri zimsaidie kila mwenye haki kisheria ambaye anaelekea kupoteza makazi katika siku 56 zijazo, hata kama hayumo katika kundi la kipaumbele. Afisa anatakiwa afanye tathmini na kuandika mpango wa makazi wa mtu huyo, ukionyesha halmashauri itafanya nini na mwombaji atafanya nini.

Hapo ndipo mahali pa kuomba dhamana. Mwombaji anayo haki ya kuuliza waziwazi kama amana au dhamana inaweza kuandikwa katika mpango wake, na kuomba jibu kwa maandishi.

Kama makazi yamekwisha kupotea, halmashauri ina wajibu mwingine wa siku 56 wa kumsaidia kupata mahali. Makazi ya muda, hata hivyo, hutolewa kwa walio katika kundi la kipaumbele: wenye watoto wanaowategemea, wajawazito, waliodhoofika kwa umri, maradhi au ulemavu, waliokimbia ukatili wa nyumbani, na waliokumbwa na maafa kama moto au mafuriko.

Lipo kosa moja linalowagharimu wengi. Mpangaji akipewa notisi ya kuondoka, hufunga virago siku ile ile kwa aibu au kwa kuheshimu neno la mwenye nyumba. Kisheria, notisi si amri ya mahakama. Kwa kawaida mpangaji huweza kubaki hadi mahakama itoe amri na madalali wa mahakama waitekeleze. Anayeondoka mapema bila sababu nzito anaweza kuhesabiwa kuwa amejikosesha makazi kwa hiari yake, na uamuzi huo hupunguza sana msaada anaostahili. Kabla ya kurudisha ufunguo, yafaa kupata ushauri wa taasisi kama Shelter, iliyoanzishwa mwaka 1966, au Citizens Advice, ambazo huduma zake ni za bure.

ANAYELALA SEBULENI KWA NDUGU

Wengi wa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki hawajifikirii kuwa watu wasio na makazi kwa kuwa hawalali barabarani. Wamehifadhiwa na shemeji, binamu au mtu waliyesoma naye. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba haikosi maneno.

Kwa sheria ya Uingereza, anayeishi kwa hisani ya ndugu na akatakiwa aondoke anahesabika kuwa yu katika hatari ya kukosa makazi. Ushahidi wake ni barua ya mwenyeji ikitaja siku ya mwisho ya kukaa. Ndugu wengi huona haya kuandika barua ya namna hiyo, wakidhani ni kumfukuza mtu kwa maandishi. Kwa kweli barua hiyo ndiyo inayomfungulia faili. Mwenyeji ajiandae pia kupigiwa simu na afisa wa halmashauri, ambaye anaweza kumwomba amvumilie mgeni wake kwa wiki chache wakati nyumba ikitafutwa.

Jambo jingine la kuangalia ni mipango ya kupangishana kimyakimya. Mtu humwachia mwenzake chumba bila mwenye nyumba kujua, bila mkataba wala risiti. Universal Credit huhitaji uthibitisho wa kodi. Pasipo maandishi, malipo ya nyumba hukwama. Vilevile, anayekaa nyumba moja na ndugu wa karibu na kumlipa ndugu huyo kwa kawaida halipiwi kodi hiyo.

FUNGU LA HIARI NA MIKOPO

Kwa miaka mingi halmashauri zimekuwa na fungu la hiari liitwalo Discretionary Housing Payment kwa wanaopokea mafao ya nyumba lakini wamepungukiwa. Fungu hilo liliweza kulipia amana na kodi ya kutanguliza, pamoja na gharama za kuhama. England, serikali iliamua kwamba kuanzia Aprili 2026 fedha hizo ziunganishwe na misaada mingine ya dharura katika mfuko uitwao Crisis and Resilience Fund, unaosimamiwa na halmashauri hizo hizo. Kwa kuwa fedha ni za hiari na zina ukomo, maombi yanayoeleza kwa takwimu kipato, matumizi na kiasi kinachokosekana husikilizwa zaidi ya yale yanayoeleza shida kwa ujumla.

Aliyepokea Universal Credit kwa muda wa miezi sita au zaidi anaweza kuomba mkopo usio na riba uitwao Budgeting Advance. Kikomo chake ni pauni 348 kwa mtu mmoja, 464 kwa mume na mke, na 812 kwa wenye watoto. Kwa nyumba ya mfano uliotajwa, hata mkopo wa mwenye watoto haufikii amana, lakini unaweza kuziba pengo lililobaki baada ya msaada wa halmashauri.

Vipo pia vyama vya akiba na mikopo, vinavyofanana na SACCOS za nyumbani. Riba yake ina kikomo cha kisheria cha asilimia 3 kwa mwezi katika England, Scotland na Wales, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Mchezo wa kupeana zamu, ambao wanawake wengi wa Kiafrika ughaibuni wameuendeleza, nao umewaingiza wengi katika nyumba. Uzito wake ni kwamba mwenye mafao akipokea fungu kubwa kwa mkupuo, fedha hiyo huweza kuhesabiwa kuwa akiba yake, na akiba ikizidi pauni 6,000 mafao huanza kupungua.

Kwa wakimbizi waliokubaliwa, ipo njia mahususi. Wizara ya Mambo ya Ndani hutoa mkopo wa kujijenga usio na riba, unaoweza kutumika kulipia amana ya nyumba. Njia hiyo inawahusu, miongoni mwa wengine, Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa hifadhi nchini humo.

MATANGAZO YANAYOWAKATAA WENYE MAFAO

Kwa miaka mingi matangazo ya nyumba yalibeba maneno mawili mafupi: “No DSS”. Herufi hizo zilisimama badala ya idara ya ustawi wa jamii iliyofutwa mwaka 2001, lakini zilidumu katika lugha ya mawakala kwa maana ya kwamba wapokea mafao wasijisumbue.

Julai 2020, mahakama ya York iliamua kuwa sera ya wakala ya kuwakataa wote wanaopokea mafao ya nyumba ilikuwa ubaguzi usio halali, kwa sababu iliwaumiza zaidi wanawake na walemavu. Mahakama ya Birmingham ilitoa uamuzi wa mwelekeo huo Septemba mwaka huo.

Sheria ya Haki za Wapangaji, iliyopata ridhaa ya Mfalme Oktoba 27, 2025, ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa England. Inakataza kumbagua mwombaji kwa kuwa anapokea mafao au ana watoto, na inazipa halmashauri mamlaka ya kutoza faini hadi pauni 7,000. Inafuta pia notisi za kumwondoa mpangaji bila kutaja sababu, na inamzuia mwenye nyumba kudai kodi ya kutanguliza zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe iliyotangazwa na serikali kwa masharti hayo makuu kuanza kutumika ni Mei 1, 2026.

Hata hivyo, sheria haimlazimishi mwenye nyumba kumpokea asiyeweza kulipa. Bado anaweza kupima kipato na kudai mdhamini. Mdhamini anayetakiwa mara nyingi ni mtu mwenye kazi ya kudumu au nyumba yake nchini humo. Anayekubali kumdhamini ndugu asome hati hadi mwisho, kwa kuwa huweza kudaiwa si kodi tu bali na gharama za kesi.

SHARTI LA VIZA

Kabla ya kuomba msaada wowote, mhamiaji atazame masharti ya kibali chake. Wenye viza za masomo, kazi au matembezi kwa kawaida huwekewa sharti la kutotumia fedha za umma. Universal Credit, Housing Benefit na msaada wa makazi wa halmashauri vimo ndani ya sharti hilo, na anayeviomba kinyume chake anahatarisha kibali chenyewe. Mwenye hifadhi ya ukimbizi au kibali cha kudumu kwa kawaida hana kizuizi hicho.

Aliyepewa kibali kwa misingi ya familia na akafilisika anaweza kuomba sharti hilo liondolewe. Kadhalika, Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inaipa idara ya ustawi ya halmashauri uwezo wa kuisaidia familia yenye mtoto mhitaji, hata pale mzazi asipostahili mafao. Katika mambo haya ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa ni wa lazima; ushauri wa mtaani umewaponza wengi.

England, mwenye nyumba anatakiwa pia kukagua kama mpangaji ana haki ya kukaa nchini. Kanuni hiyo ilienea England yote Februari 2016. Mwombaji aandae uthibitisho wake mapema, kwani nyumba haimsubiri anayetafuta karatasi.

TAHADHARI

Penye dhiki hapakosi matapeli. Tangazo la nyumba nzuri kwa kodi ya chini, mwenye nyumba aliye “safarini”, na ombi la kutuma fedha kabla ya kuiona nyumba ni dalili tatu za wizi. Fedha isitolewe kabla ya kuingia ndani ya nyumba na kuuona mkataba.

Zipo pia kampuni zinazouza mpango wa kutolipa amana: mpangaji hulipa kiasi kidogo, mara nyingi sawa na kodi ya wiki moja, na kuingia. Kiasi hicho hakirudi, na mpangaji bado anadaiwa hasara yote itakayotokea. Haifai kuichanganya mipango hiyo ya biashara na dhamana ya halmashauri.

Amana ya fedha ikilipwa, tangu Aprili 6, 2007 sheria ya England na Wales inataka ihifadhiwe katika mpango uliothibitishwa na serikali. Mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo na kumpa mpangaji taarifa. Asipotimiza, mahakama inaweza kumwamuru alipe mara moja hadi mara tatu ya amana hiyo. Ulinzi huu haumhusu anayepanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe.

Scotland ina sheria zake. Kikomo cha amana huko ni kodi ya miezi miwili, na tangu mwishoni mwa 2012 kigezo cha kundi la kipaumbele kiliondolewa kwa wasio na makazi. Upo pia Scottish Welfare Fund, unaoweza kumsaidia anayeanza maisha mapya kupata kitanda, jiko na mazulia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Ulizia kikomo cha mafao cha eneo kabla ya kutafuta nyumba.
- Nenda halmashauri mara tu dalili ya kupoteza makazi inapoonekana, ukiwa na notisi au barua ya mwenyeji.
- Omba dhamana kwa jina lake, na uombe iandikwe katika mpango wa makazi.
- Usirudishe ufunguo wala kuhama kabla ya kupata ushauri.
- Hakikisha sharti la viza halikuzuii.
- Piga picha za nyumba siku ya kuingia, na uzitunze hadi siku ya kutoka.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo ilivyo. Lakini mkono ulioshika barua ya halmashauri si mtupu tena, na barua hiyo huanza kwa mtu kuingia ofisini na kueleza shida yake kabla siku ya kutolewa nje haijafika.